Kila Jumamosi wenzake wanapokea mizigo ya nyumbani, yeye anajifungia chumbani

BARUA

Wanajopo wa safu ya ushauri, habari za kazi.

Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana katika chuo kimoja hapa Mbeya, upande wa Iyunga. Nalea wasichana 36, vyumba vya wanne wanne. Nawaandikia kuhusu mmoja wao, na nimebadilisha mambo machache ili asijulikane.

Binti ana miaka 19, ni Mkongo, ametokea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Anasoma kwa ufadhili na ana kibali cha kukaa nje ya kambi. Aliingia nchini akiwa na miaka 11. Alivuka Ziwa Tanganyika na majirani baada ya kupotezana na mama yake na wadogo zake wawili, siku kijiji chao cha upande wa Fizi kiliposhambuliwa. Baba hamtaji kabisa. Kambini alipokewa na mama mmoja Mkongo mwenzake, akalelewa naye mpaka 2024, mama huyo na watoto wake walipohamishiwa Marekani, jimbo la Iowa. Faili la binti lilikuwa la peke yake, likabaki nyuma, naye akabaki.

Nidhamu yake haina kasoro na darasani yumo kumi bora. Kinachonitesa ni upweke wake. Wasichana wangu wengi wanatoka Rungwe, Kyela, Mbozi na Njombe. Kila Jumamosi mabasi na Coaster zinaleta mizigo yao: ndizi, viazi, mchele, maparachichi, boksi limefungwa kamba na jina limeandikwa kwa maka peni. Wanakwenda stendi kwa makundi, wanarudi wanacheka, jiko linachangamka. Saa hizo yeye amejifungia. Wakimgawia anasema ameshiba. Mwezi wa Juni alikuwa anaingia kitandani saa 11 jioni. Anaumwa kichwa na tumbo mara kwa mara, zahanati inampa dawa za malaria na nafuu haionekani. Usiku saa 7 au saa 8 utamkuta koridoni na simu, ananong'ona. Mlinzi anasema ana mwanaume. Wenzake wanasema anaringa. Akiongea wanaiga lafudhi yake, kwa hiyo siku hizi haongei.

Nimemuuliza mara kadhaa kuhusu wazazi wake. Anajibu, "Niko sawa, matroni," huku anatazama chini. Mfanyakazi mwenzangu anashauri tuweke picha yake Facebook ili wazazi wapatikane. Mwingine anasema tumtafutie Wakongo wenzake wa hapa mjini. Mchungaji wetu anataka asimame kanisani atoe ushuhuda ili waumini wamchangie. Na Desemba inakuja, hosteli itafungwa kwa wiki nne, nami nafikiria kumchukua kwangu Tukuyu. Nifanye lipi, niache lipi?

Matroni, Mbeya

JIBU

Mama Matroni, pole kwa kazi ya ulezi, na tunashukuru kwamba umemwona binti huyu. Mwanafunzi mtulivu anayefaulu ni rahisi kusahauliwa.

Tuanze na simu ya usiku, kwa sababu hapo huenda binti anashukiwa bure. Iowa iko nyuma yetu kwa saa 8 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na kwa saa 9 miezi inayobaki, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Mtu anayetoka kazini kule saa 11 jioni, hapa Mbeya ni saa 7 usiku. Ikifika Desemba ni saa 8. Ndizo saa ulizotuandikia. Muulize bila mtego: "Ni mama wa Iowa? Huwa anatoka kazini saa ngapi?" Akikubali, mwambie mlinzi aache maneno, na binti umpe mahali pa kukaa na simu penye taa, si koridoni kwenye baridi. Simu usimnyang'anye. Huyo mama ndiye mtu pekee anayeweza kumfikia ambaye anajua alikuwa mtoto wa namna gani.

Kisha wasaidie kubadilisha saa, maana usingizi unaokatika kila usiku unaongeza huzuni na kichwa kuuma. Saa 2 asubuhi ya Jumapili kule Iowa ni saa 10 jioni hapa, au saa 11 jioni kuanzia Novemba. Wapange simu moja ndefu ya Jumapili, na siku za kazi waachiane ujumbe wa sauti ambao kila mmoja atausikiliza kwa wakati wake. Kama mama yule hufanya kazi Jumapili, watafute siku yake ya mapumziko. Simu yenye siku na saa maalumu inampa binti jambo ambalo wenzake wanalo bila kulifikiria: kuna mtu anamngoja.

Hapo ndipo shida yake ilipo, kwa tunavyoona. Una wasichana 36 na bado yuko peke yake, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeshtuka kama asingerudi jioni. Binti wa Kyela akichelewa, mama yake anapiga simu mara tatu. Huyu akichelewa, nani anauliza? Kwa hiyo usihangaike kumtafutia marafiki kumi. Mpatie mtu mmoja au wawili wanaomtarajia, kwa jambo lile lile, saa ile ile, wiki baada ya wiki. Anza na wewe mwenyewe: dakika 30 kila Jumatano baada ya chakula cha jioni. Chagua muda unaoweza kuutimiza hata wiki ya mitihani. Kijana aliyebaki nyuma mara mbili, kijijini na kambini, anazihesabu ahadi, na ahadi kubwa inayovunjika inamdhuru kuliko kutoahidiwa chochote. Siku usipokuwepo, mwambie mapema, na umwambie pia utarudi lini.

Katika dakika hizo msikae mkitazamana kama watu wa usaili. Amehojiwa vya kutosha: alipoingia nchini, kwenye usajili, kwenye mambo ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na kila mara majibu yake yalikuwa yanapimwa kama ni ya kweli. Menyeni viazi, chambueni maharage, kunjeni mashuka. Mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwenye sinia, kusema kunakuwa rahisi, na kunyamaza pia.

Swali la wazazi usimuulize tena. Mwambie mara moja tu: "Sitakuuliza habari za nyumbani, na si kwamba sijali. Siku ukitaka kunisimulia, Jumatano nipo." Kisha shika neno lako. Akisimulia, usimwambie "mama yako yupo hai, amini tu", wala "kubali, yameshapita". Hujui, naye anajua kwamba hujui. Mtu aliyefiwa ana msiba: watu wanakuja, wanakaa matanga, kuna kaburi, kuna siku ya kumaliza. Aliyepotezana na mama hana lolote kati ya hayo. Akilia anahisi amemzika mtu aliye hai. Akicheka anahisi amemsaliti. Vijana wengi wa aina hii hukataa hata chakula kitamu kwa sababu hawajui wadogo zao wanakula nini. Kwa hiyo maneno yanayofaa ni mafupi: "Ni kazi ngumu kungoja bila habari." Akitaka kumwombea mama yake, au kumwandikia barua isiyotumwa, mwachie. Msimsukume kufanya ibada ya kuaga. Na kabla hujamwandalia keki ya siku ya kuzaliwa, muulize tarehe anayoitambua yeye; wakimbizi wengi ambao tarehe zao hazikujulikana waliandikiwa Januari 1 kwenye karatasi.

Sasa Jumamosi. Mara nyingi mlezi mwenye huruma hununua boksi, akampa kijana mbele ya wenzake: "Na wewe leo umepata mzigo." Kila mtu anajua halikutoka nyumbani. Nako kugawiwa kila wiki bila kuwa na cha kurudisha kunachosha, na anayepokea huanza kusema ameshiba ili asiwe na deni. Mwingize kwenye shughuli yenyewe. Anzisha daftari la mizigo: jina, basi, saa ya kufika, namba ya konda, nani anakwenda stendi ya Nane Nane, na bajaji moja kwa mizigo mitano badala ya kila mmoja kulipa yake. Yeye na mwenzake mmoja walishike kwa wiki nne, kisha zamu ipite kwa wengine. Hiyo zamu ni lazima. Bila zamu atakuwa mtumishi wa wenzake, na utakuwa umemzidishia upweke.

Mara moja kwa mwezi jiko liwe lake. Watu wa Fizi wamezoea ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu cha mawese, na vitu vyote vinapatikana hapa Mbeya: kisamvu kilichotwangwa na unga wa muhogo utavipata Mwanjelwa au SIDO, mawese yanatoka Kyela, na badala ya dagaa wa Kigoma kuna usipa wa Ziwa Nyasa. Kwa watu wanane nunua kisamvu kilo moja na nusu, unga kilo moja na nusu, mawese robo lita, usipa robo kilo, vitunguu vitatu na bilinganya mbili. Kisamvu kichemke saa moja au zaidi bila mfuniko, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Lakini asipikiwe kwa kushtukizwa. Harufu ya sombe inaweza kumrudisha mbali ghafla, mbele za watu. Aulizwe kwanza, apike mwenyewe, wenzake wakate vitunguu na wasonge ugali kwa maelekezo yake. Fedha zitoke kwenye mchango wa jiko kama siku nyingine yoyote.

Usidharau ususi. Katika hosteli za wasichana saa za kusukana nywele ndizo saa za mazungumzo ya kweli, na mtu aliye mbali na mama anaweza kumaliza miezi bila kuguswa kichwa na mkono wenye upendo. Kama anajua kusuka, apewe kichwa cha kusuka. Kama hajui, asukwe. Mwombe msichana mmoja mpole wa chumba chake, faraghani, usimtangazie.

Kuhusu lafudhi, hapo tunataka uwe mkali. Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili chake halali, na kuigwa kila anapofungua mdomo kumemfunga ulimi. Kitangaze kama kanuni ya hosteli kwa wote bila kumtaja: lafudhi ya mtu haiigwi, iwe ya Mnyakyusa, Mkinga au mgeni. Anayerudia aitwe ofisini peke yake.

Kulala saa 11 jioni mwezi wa Juni si lazima iwe huzuni. Nyarugusu na mwambao wa Tanganyika kuna joto; Mbeya usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Msichana aliyekuja na shuka mbili na kandambili anaingia kitandani kwa sababu hakuna mahali pengine penye joto, na akiwa kitandani tangu jioni, saa 7 usiku yuko macho na mawazo. Kagua kwa siri: ana blanketi zito au mbili, sweta, soksi, viatu vya kufunika? Kama hana, msaada uunganishwe na kitu kinachowahusu wote, mfano blanketi za hosteli zinazosainiwa kwenye daftari na kurudishwa Septemba. Hakikisha pia kitanda chake hakiko mlangoni. Wengi waliokimbia usiku hulala vizuri zaidi kitanda kikiwa ukutani na mlango ukionekana. Na mkesha wa mwaka mpya, au mahali panapolipuliwa mawe, mwambie mapema kwamba kutakuwa na milio.

Kichwa na tumbo: usikubali dawa ya malaria bila kipimo. Kipimo kikisema hakuna malaria, asimeze dawa hizo, na mganga aulizwe mengine: damu yake ikoje, ana minyoo, ana vidonda vya tumbo, anakula mara ngapi, analala saa ngapi. Huzuni ya muda mrefu huumiza mwili kweli, hajisingizii. Kumpa dawa ya ugonjwa asio nao kunachelewesha kuutambua alio nao.

Kuna jambo dogo ambalo walezi wengi hawalioni, nalo ni fomu. Usajili, bima, mafunzo kwa vitendo, ruhusa ya kutoka: kila karatasi ina mstari wa "mzazi au mlezi", na kila karani anauliza kwa sauti dirishani. Kaeni siku moja mkubaliane ataandika nini kwenye mstari huo, na nani apigiwe simu akiugua, kisha muweke karatasi hiyo kwenye faili lake la hosteli. Waombe watu wa usajili wasome faili kabla ya kumwita. Ni nusu saa ya kazi, na inamwondolea aibu ya mara nyingi kwa muhula.

Tuje kwenye kutafuta familia. Facebook, hapana. Kwanza ni haki yake kuamua kama atafutwe au la, na kwa njia gani. Pili, picha yake, jina la kijiji na namna walivyokimbia vinaweza kuwafikia watu waliowakimbiza, na ndugu waliobaki kule wakaingia hatarini. Tatu, matapeli. Akishatangazwa, atapigiwa simu na mtu anayemwambia, "Mama yako ninaye hapa Uvira, ni mgonjwa, tuma nauli." Sehemu ya habari atakuwa ameichukua kwenye tangazo lenyewe, na binti atatuma hela ya chakula.

Njia salama ni Msalaba Mwekundu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, na huduma hiyo ni bure. Muulize kwanza kama aliwahi kufungua ombi akiwa Nyarugusu, maana huduma hiyo ipo kambini pia. Kama aliwahi, msifungue jipya bila kulitaja la zamani. Pelekeni namba ya kumbukumbu na anwani mpya ya Mbeya. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: habari zinapatikana, mhusika anapigiwa, laini ilishakufa au amehama kambi. Waachieni namba tatu, yake, yako na ya ofisi ya chuo, na kila laini ikibadilika mtoe taarifa wiki ile ile.

Kabla ya kwenda, aandike mwenyewe kwenye karatasi, kwa siku mbili tatu bila haraka: majina yote ya mama na wadogo, la ubatizo, la ukoo na la utani, majina ya babu na bibi, umri wao wa wakati ule, jimbo, teritware (yaani wilaya ya kule Kongo), sekta, kundi la vijiji, kijiji chenyewe, na mto, shule, kanisa au soko lililo karibu. Majina yaandikwe kwa namna mbili pale ambapo Kifaransa na Kiswahili hutofautiana, kwa sababu herufi moja inatosha kumficha mtu kwenye orodha. Kisha tarehe au msimu waliopoteana, mahali, walikuwa wanaelekea upande gani, nani mwingine alikuwepo. Jina la jirani aliyevuka naye ziwa linaweza kufaa kuliko picha. Na aambiwe ukweli tangu mwanzo: utafutaji huchukua miezi au miaka, mara nyingine haupati jibu, na anayepatikana huulizwa kwanza kama anakubali anwani yake itolewe. Akisema hayuko tayari, acheni. Mkumbushe baada ya miezi mitatu, si kila wiki.

Hatungependa pia umpe matumaini ya Iowa usiyoweza kuyasimamia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na mafaili mengi ya Wakongo waliokuwa wakingoja kwenye kambi za Tanzania yakakwama. "Utamfuata tu mama yako" ni neno linaloumiza. Faili lake liulizwe kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kwa namba yake ya usajili, na yeye mwenyewe aongee nao.

Wakongo wa mjini: muulize kabla hujamtafutia. Katika milima ya Fizi na Uvira kumekuwa na mapigano ya miaka mingi yaliyowagonganisha Wabembe, Wafuliiru na Wanyamulenge, na mtu unayemwita mwenzake anaweza kuwa wa upande alioukimbia. Anaweza pia kutaka sana kusikia lugha ya kwao. Yeye ndiye ajibu, na kukutana kwa mara ya kwanza kuwe mahali pa wazi, nawe ukiwepo.

Ushuhuda kanisani, tunakuomba umwambie mchungaji hapana, kwa heshima lakini bila kuacha mlango wazi. Kumsimamisha binti wa miaka 19 aeleze alivyopoteza familia ili wachangishe ni kumfanya alipie msaada kwa kidonda chake, na tangu siku hiyo kila atakayekutana naye Sokomatola atakuwa anamjua kama "yule mkimbizi". Kama anapenda kuimba, akaribishwe kwaya. Mazoezi ya mara mbili kwa wiki, sauti inayohitajika na mwalimu anayeuliza "jana ulikuwa wapi?" vitamfaa kuliko bahasha. Ila muulize dhehebu lake, usimpeleke tu unakosali wewe.

Ujue vilevile kwamba binti asiye na wa kumuuliza huonekana haraka na wanaume wanaotafuta mtu wa namna hiyo. Huanza na vocha, nauli na maneno ya "nitakuwa kaka yako". Mwambie waziwazi, bila kumtishia: mahitaji yake ya taulo za kike, vocha na nauli ya dharura aje kwako, na hatadaiwa maelezo. Ukishasema hivyo, uwe nacho cha kumpa.

Desemba. Kumchukua Tukuyu ni wazo zuri, lakini karatasi zitangulie. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hukaa eneo lililotengwa na anatoka kwa kibali. Kisomeni pamoja: kinaruhusu mahali gani na hadi tarehe gani? Kama hakitaji Rungwe, chuo kiulize Idara ya Huduma za Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa maandishi, na anzeni Oktoba. Msifikirie "ni karibu tu". Barabara za kuelekea Kasumulu na Tunduma ni za mpakani, na Uhamiaji hukagua. Kibali halisi akitunze mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, wewe ubaki na nakala tu. Mlezi anayefungia karatasi za kijana kabatini, hata kwa nia njema, anamfanya mateka. Mkifika, mtambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa siku ya kwanza, umwonyeshe kibali. Majirani wataongea pungufu.

Nyumbani kwako apewe kazi za mtoto wa nyumbani, si za mgeni wala za msichana wa kazi. Kama wanao wanachota maji kwa zamu, naye awe na zamu. Awe na mahali pa kujitenga Krismasi ikimlemea, na familia ijue kwamba akiondoka mezani asifuatwe kwa maswali. Kama kibali cha Tukuyu hakitapatikana, omba uongozi wa chuo umwachie chumba kimoja na mtu mzima wa kike alale jengo hilo hilo. Wiki nne peke yake kwenye jengo tupu zisikubalike kwa sababu yoyote.

Mwisho, dalili ambazo hazingoji Jumatano: kutokula au kutolala vizuri kwa karibu wiki mbili, kuacha kuoga na kwenda darasani, kusikia sauti, kujikata, kunywa pombe ili alale, kugawa vitu vyake, au kusema hataki kuishi. Akisema hilo la mwisho, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asibaki peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu, na mfikishe siku hiyo hiyo kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Nenda naye wewe au mtu anayemwamini, kaa naye mpaka aonwe, na mjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ili ufuatiliaji usibaki mabegani mwako peke yako.

Kwa wiki hii fanya mawili tu. Jumatano umuulize habari za mama wa Iowa na saa zake za kazi. Na kabla hamjatoa nauli ya daladala, piga simu ofisi ya mkoa ya Msalaba Mwekundu uulize siku gani mhusika wa kutafuta ndugu anakuwepo, ili akishakuwa tayari na karatasi yake msimkose.